Meli ya Beaver: siku moja ya mvuke, siku mbili za shoka. Hivi ilikuwa na faida kweli?

mtembea_mvuani:

Wakuu habari za saa hizi. Mimi niko Vancouver huku Kanada, mwaka wa tatu sasa, nafanya shifti za usiku kwa hiyo asubuhi nikitoka kazini usingizi huwa hauji, napitia Stanley Park natembea mpaka miguu ichoke ndio narudi kulala. Juzi nimefika pale Prospect Point nikakuta kibao cha kumbukumbu, kinasema hapo chini ndio iligonga mwamba meli inaitwa Beaver mwaka 1888, meli ya kwanza ya mvuke kwenye pwani yote hii. Nikasema haya, meli zinazama kila siku. Ila nilivyofika nyumbani nikaanza kuisoma na usingizi ukaruka moja kwa moja.

Iko hivi. Imeundwa Blackwall, London, ikashushwa majini Mei 1835, mali ya kampuni ya Hudson's Bay, wale wa biashara ya ngozi za manyoya. Urefu wake futi 101 tu, yaani panga mabasi matatu mstari mmoja basi umemaliza. Mashine mbili za Boulton na Watt. Cha kuchekesha, kutoka Uingereza imekuja kwa matanga! Yale magurudumu yake ya pembeni ya kusukumia maji waliyafungua wakayaweka stoo, wakazunguka Cape Horn, wakapitia Honolulu, wakafika Fort Vancouver kwenye mto Columbia Aprili 1836, miezi saba na ushee (na hiyo Fort Vancouver sio mji huu ninaokaa, iko upande wa Marekani, msichanganye kama nilivyochanganya mimi). Mei ndio magurudumu yakafungwa na moto ukawashwa.

Sasa kilichonishinda ni hiki. Melini kulikuwa na watu kama 30, na zaidi ya 10 kati yao kazi yao ni kukata kuni tu. Sio mabaharia, wanaume wa mashoka. Meli ikitembea siku moja, inafunga nanga siku moja au mbili watu wanashuka msituni kukata za kesho. Na hapo tanga lipo, upepo wa bure upo! Tena bosi wa kampuni huku, Dk John McLoughlin, alikuwa haitaki kabisa hii meli, alisema inakula hela. Bosi wake George Simpson akaing'ang'ania. Wanaojua mambo ya bahari na historia nisaidieni, nani alikuwa sahihi hapo? Ilikuwa kazi au ilikuwa sifa?

fundi_wa_gati:

Mdogo wangu hapo umegusa penyewe. Mimi ni injinia wa meli, nimestaafu, niko Likoni nakula upepo, kwa hiyo nina muda wa kukujibu vizuri.

Kwanza usifikirie mashine ya 1835 kama gari moshi lile la zamani. Gari moshi linasukumwa na presha kubwa. Hizi za Watt presha yake ilikuwa ndogo sana, hata sufuria ya presha ya jikoni kwako inaishinda kwa mbali. Nguvu yake kubwa inatoka kwenye utupu. Mvuke ukishafanya kazi kwenye silinda unapelekwa kwenye chemba, unarushiwa maji baridi ya bahari, unageuka maji ghafla, pale ulipokuwa panabaki patupu na pistoni inavutika. Ujanja mzuri, lakini shida ndio imelala humohumo, kwa sababu ule mvuke uliokuwa maji safi umeshachanganyika na maji ya chumvi na hauwezi tena kurudi boilani kama maji matamu. Kwa hiyo boila inakunywa bahari, asubuhi mpaka jioni.

Maji ya bahari ukiyachemsha chumvi inabaki, inashika kwenye chuma, inafanya ukoko. Huu ukoko ni kama wa wali, tofauti ni kwamba huu haulambwi. Ukinenepa moto haupiti vizuri, unaongeza kuni na maji hayachemki, na bati la chuma nyuma ya ukoko linapata moto kupita kiasi linavimba, siku likiamua kupasuka hakuna anayesimulia. Dawa yake ni kwamba kila baada ya saa kadhaa unafungua valvu ya chini unamwaga yale maji mazito ya chumvi. Sasa yale ni maji ya moto! Umeyachemsha kwa kuni zako, unayarudisha baharini, unaingiza ya baridi unaanza upya. Mtu akiwa anapika chai, kila ikikaribia kuchemka anamwaga sehemu na kuongeza maji ya bomba, utamuelewa kweli?

Nilipoanza kazi nikiwa kijana kabisa, kwenye meli moja ya mizigo, nilipewa kusafisha mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa. Ni mdogo tu, ukiukumbatia mikono inakutana. Unaingiza kichwa na mkono mmoja, una patasi na kinyundo, unagonga ukoko kipande kwa kipande, ni mweupe, mgumu kama kigae, unakurukia machoni. Siku ya kwanza nikatumia nguvu nikatoboa mrija. Injinia wa pili hakunitukana, alikuja akatazama tundu, akatazama mkono wangu, akasema leo wote tunakunywa maji kwa kikombe kimoja na nitawaambia ni wewe. Aliwaambia kweli. Sasa hao wa Beaver walikuwa na boila zima la namna hiyo, watu wanaingia ndani wanagonga. Na hata hivyo boila zilikuwa zinakufa, imebadilishiwa boila mara kadhaa maisha yake yote.

Halafu kuni zenyewe. Pwani hiyo mvua haikatiki, wewe mwenyewe jina lako linasema. Mti umeangushwa leo unaingia tanurini kesho, mbichi, nusu yake maji. Unachoma kuni kukausha kuni.

Kwa hiyo kwa hesabu ya fundi, McLoughlin alikuwa na haki yake. Boti ya tanga haimwagi chai.

mamaMikoko:

😂😂 haimwagi chai. Fundi wewe!

Mimi naona hakuna aliyesema la wazi. Beaver ni nani? Si yule mnyama biva, anayekata miti kwa meno na kuziba mito? Na ngozi yake ndio hiyohiyo walikuwa wanaitafuta, manyoya yake ya ndani wanatengenezea kofia za mabwana wa London. Sasa meli ikapewa jina lake, na kazi yake ikawa kukata miti pwani nzima. Hao walioipa jina sijui waliota.

Na kabla hamjaanza, najua kuna mtu ataleta Liemba humu, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Iacheni ipumzike.

Kitabu_Chakavu:

Fundi heshima yako ila nakupinga kidogo. Wewe umepiga hesabu ya kuni, Simpson alipiga hesabu ya ngome, yaani vile vituo vya biashara vya kampuni.

Angalieni ramani ya hiyo pwani kutoka Puget Sound mpaka Alaska. Sio pwani kama yetu, iliyonyooka, una kaskazi na kusi, upepo unajua ratiba yake. Ile imechanika. Mikono ya bahari inaingia katikati ya milima maili na maili, visiwa maelfu, mikondo mikali, upepo ukiingia kwenye hayo mabonde unageuka dakika yoyote au unakufa kabisa. Meli ya tanga inaweza kukaa mdomoni mwa mfereji siku nyingi inasubiri. Na wenye ngozi wako mwisho wa mfereji. Beaver ilikuwa inaingia tu, polepole, moshi juu, inatoka. Siku mbili za shoka ni nyingi kweli, ila ni siku mbili unazozijua. Siku za kusubiri upepo nani anazijua?

Pili, mashindano. Kabla ya hapo meli za Boston, za wafanyabiashara wa Marekani, ndio zilikuwa zinatamba. Wenyeji sio wajinga, meli mbili zikifika pamoja bei inapanda, zikifika tatu wanakaa wanachagua. Kampuni ilikuwa inaumia. Nahodha aliyeipokea Beaver mwaka 1837, William McNeill, alikuwa mmoja wa hao hao wa Boston, alikuwa anawasumbua sokoni na meli yake Llama mpaka mwaka 1832 wakaamua kuinunua meli na yeye wakamwajiri. Hiyo ndio akili ya biashara. Mtu wa hivyo ukimpa mvuke anafika kijijini kabla mshindani hajapandisha tanga.

Jinsi walivyofanya biashara sasa. Meli inafunga nanga mbele ya kijiji, mitumbwi inakuja, ile mikubwa ya mwerezi. Meli imezungushiwa wavu wa kamba juu ya ubavu wote ili watu wasipande ovyo, wanaruhusiwa wachache wachache kuingia, wengine wanasubiri mitumbwini, mizinga midogo iko deki na bunduki ziko karibu. Ngozi zinapita: biva, fisi maji wa mtoni, fisi maji wa baharini ambaye ndiye alikuwa dhahabu yenyewe, dubu. Zinageuzwa upande wa nyama, upande wa manyoya, bei inaanza kubishaniwa, na hapo usidhani ni dakika tano. Upande wa pili mablanketi ya sufu, bunduki, baruti, tumbaku. Na ramu pia, mpaka mwaka 1842 walipokubaliana na kampuni ya Warusi wa Alaska (wakati huo Alaska ilikuwa ya Urusi) kuacha kuuza pombe, maana pande zote mbili ilikuwa inawamaliza.

Kuhusu hao Warusi, mwaka 1839 Hudson's Bay walikodi kwao ukanda wa pwani ya Alaska, kodi yake ngozi 2,000 za fisi maji kila mwaka. Sio pauni, ngozi. Sasa lazima ziende zikakusanywe, na aliyekuwa anazunguka kukusanya ni nani?

Simpson alikuja mwenyewe mwaka 1841, akapanda Beaver mpaka kaskazini. Aliona kuna ngome kila mahali, McLoughlin, Stikine, Taku, kila moja ina watu wa kulishwa, kuta za kulinda, bosi, karani, na wanakaa wanasubiri ngozi zije. Akasema ya nini? Acha Fort Simpson moja kubwa na meli izunguke. Walikutana Honolulu mwanzoni mwa 1842 wakabishana na McLoughlin, McLoughlin akashindwa. Mwaka 1843 Fort McLoughlin na Taku zikafungwa, wanaume wake wakapakiwa kwenye Beaver hiyohiyo wakapelekwa kusini kujenga Fort Victoria, ambao leo ni mji mkuu wa British Columbia. Ninyi mnaona meli, yeye aliona ngome yenye magurudumu.

Ila ugomvi wao uliingia damu. Aprili 1842 mtoto wa McLoughlin, aliyekuwa bosi wa ngome ya Stikine, aliuawa na watumishi wa ngome wenyewe. Simpson akafika muda mfupi baadaye akachukulia kama kijana alijitakia kwa tabia zake. Baba hakumsamehe kamwe. Kwa hiyo barua zao za baada ya hapo kuhusu gharama za meli zisomeni mkijua kuna kaburi katikati.

mjukuu_wa_nahodha:

Kitabu umeeleza vizuri lakini wote mnaongea kutoka dirishani kwa kampuni. Nani amewauliza wenye pwani?

Watlingit na Watsimshian walikuwa na biashara yao kabla ya hapo. Ngozi zinatoka bara kwa watu wa milimani, zinashuka mtoni, wao ndio madalali, wananunua kule wanauza huku wanakula cha juu. Sasa meli inayoingia popote, haihitaji upepo, ndio adui mkubwa wa dalali. Waliiona hivyo na walilalamika. Huyo Simpson ambaye Kitabu anamsifia ndiye waliyemlalamikia mwaka 1841.

Na miaka hiyohiyo ya mwanzo ya hiyo meli, 1836 na 1837, ndui ilipita pwani ya kaskazini ikaua watu vibaya sana. Unapohesabu ngozi ngapi zimenunuliwa kumbuka kuna vijiji vilikuwa vinazika.

Halafu mmesahau hadithi ya makaa ya mawe ambayo ndio tamu kuliko zote. Mwaka 1835 huko Fort McLoughlin wenyeji walikuwa wanamwangalia mhunzi wa ngome anachochea moto kwa makaa. Wakauliza hayo mawe meusi yanatoka wapi. Wakaambiwa yanatoka Uingereza, kwa meli, miezi sita baharini. Wakacheka. Wakasema mawe hayo kwetu yapo tele, mbona mnajisumbua. Mwaka uliofuata Beaver ikaenda kutazama kaskazini ya kisiwa cha Vancouver na kweli yalikuwepo. Kampuni ikachelewa mpaka 1849 ndio wakajenga Fort Rupert kwa ajili ya mgodi, na 1852 wakaanza Nanaimo, na huko pia aliyewaonyesha alikuwa mzee mwenyeji. Miaka yote hiyo jamaa wa mashoka wanapiga mwerezi mvuani na makaa yamelala palepale.

mtembea_mvuani:

Aisee mimi niliuliza swali moja nimepata darasa zima. Fundi, bado unashikilia McLoughlin?

Na swali la nyongeza, hao wachochea moto na wakata kuni walikuwa kina nani? Maisha yao yalikuwaje?

fundi_wa_gati:

Nimelegea kidogo, nusu. Kitabu amenikumbusha kwamba bahari sio barabara.

Hao watu walikuwa mchanganyiko. Waskoti, Waingereza, Wakanada wa Kifaransa, na Wahawaii, maana kampuni ilikuwa inaajiri sana vijana Honolulu, wazuri majini na wazuri kwa shoka. Fikiria mtoto wa Honolulu, amezoea jua, yuko Alaska mwezi wa kwanza anakata mti wenye barafu. Unashuka na mashua alfajiri, unaangusha, unakata vipande, unapasua, unabeba mpaka ufukweni, unapakia, unapiga makasia kurudi melini, unapanga. Mwingine na bunduki anawalinda. Na kama mnavyojua kwenye meli yoyote, anayefanya kazi ngumu kuliko wote ndiye anayetukanwa kuliko wote.

Mwaka 1838 hilo likapasuka. Meli iko Fort Simpson, nahodha McNeill amewachapa viboko wachochea moto, na mainjinia wakagoma. Wakasema hatuwashi moto chini ya huyu. Mtazame jinsi mambo yalivyobadilika hapo. Kwenye meli ya tanga nahodha akigombana na mabaharia wawili anaendelea na safari. Kwenye mvuke, injinia akikunja mikono meli ni kopo. Ikabidi bosi wa ngome, John Work, achukue usukani kwa jina tu ili meli iweze kushuka kusini. McNeill alibaki na kazi yake baadaye, ila nadhani siku ile alielewa kuwa kuna mtu chini kule ana ufunguo.

Mimi nimefanya kazi na manahodha wengi. Wale waliokuwa wanashuka chini kwenye mashine mara moja kwa wiki kutusalimia tu, meli zao hazikuwa zinaharibika ovyo. Mnielewe mnavyotaka.

mamaMikoko:

Tumekuelewa fundi 😂. Kumbe mgomo wa kwanza wa mafundi kwenye mvuke pwani hiyo haukuchukua hata miaka miwili tangu moto uwashwe.

Na baada ya ngozi je? Maana zile kofia si ziliisha fasheni, wakahamia za hariri?

Kitabu_Chakavu:

Ndio, miaka ya 1840 hariri ikazichukua, bei ya biva ikashuka. Hapo Beaver ikaanza maisha ya kazi yoyote, kama pikipiki za mtaani kwetu, leo abiria kesho magunia. Ilishabeba kondoo na ng'ombe kutoka mashamba ya Nisqually, ikivuta meli za tanga. Mwaka 1851 forodha ya Marekani ikaikamata Puget Sound kwa mambo ya ushuru. Mwaka 1853 kampuni ikaleta meli mpya, Otter, hiyo inasukumwa na panka la nyuma, Beaver ikawa mzee wa nyumba. Lakini Novemba 1858, wakati wa ile fujo ya dhahabu ya mto Fraser, ni yenyewe iliyompandisha James Douglas mpaka Fort Langley kutangaza koloni la British Columbia. Mtu yuleyule iliyompeleka Victoria 1843 kuchagua mahali pa ngome.

Miaka ya 1860 jeshi la majini la Uingereza likaikodi kupima kina cha hiyo pwani, kwa hiyo chati nyingi za wenzetu zilianzia kwenye deki yake. Mwaka 1874 ikauzwa, ikawa boti ya kuvuta magogo. Magogo sasa! Karibu miaka arobaini na miti na bado hawajaachana.

mtembea_mvuani:

Basi namalizia mimi maana hapa ndio nilipoanzia. Julai 1888 inatoka Vancouver usiku kuelekea kambi za wakata magogo, ikapita karibu sana na mwamba hapo Prospect Point ikapanda juu. Hakuna aliyekufa, watu walishuka wakarudi mjini kwa miguu. Hakuna aliyeihangaikia kuitoa. Ikakaa pale juu ya mwamba miaka minne, watu wanaenda kuchuna shaba na mbao, wanatengeneza fimbo za kutembelea na medali za kumbukumbu. Boila yake iliishia Tacoma upande wa Marekani, iko kwenye makumbusho. Fundi ungeiona ungeingiza kichwa.

Na mwisho wake haukuwa dhoruba. Mwaka 1892 ilipita meli nyingine ya mvuke, Yosemite, mawimbi yake tu yakaisukuma Beaver ikateleza mwambani ikazama.

Leo asubuhi nimeshuka kule chini kwenye njia ya ukutani, sio juu kwenye kibao. Nimesimama nikiangalia mwamba, maji yametulia kama mafuta. Ikapita meli kubwa ya nafaka chini ya daraja la Lions Gate, taratibu, hata sauti hainifikii. Nikaendelea kusimama. Baada ya muda mrefu kabisa, meli yenyewe imeshafika mbali, mawimbi yake ndio yakafika ukutani, moja, mbili, la tatu likaruka likanilowesha viatu vyote.

fundi_wa_gati:

Weka viatu juani. Kama jua lipo huko.